Ufunguo wa Mlango wa Dada

Machi 3

Binti yangu,

Za huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi wazima. Goti langu limeamua kustaafu kabla yangu, ila mdomo unafanya kazi kama kawaida.

Mwezi ujao, tarehe ishirini, mdogo wako Komeo anatimiza mwaka tangu atutoke. Nimeshaamua: siku hiyo hakuna kulia. Tulimlilia miaka kumi na tano akiwa hai, pombe ikimmaliza mbele ya macho yetu. Machozi yanatosha. Kila mtu aje na kisa chake kimoja cha kutuchekesha. Mimi nitasimulia ile redio yangu aliyoiuza akanywea, halafu akashinda nami kutwa nzima tukiitafuta hadi chini ya kitanda, huku akinigombeza eti siweki vitu vizuri! Jamani, yule mtoto!

Njoo na chako.

Mama yako


Machi 11

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Pole na goti, acha kubeba ndoo.

Usinisubiri, Mama. Sina uso wa kukaa pale nikacheka. Kuna jambo sijawahi kukuambia. Ile miezi minane aliyokaa bila kugusa chupa, alikuja kunifungia kitasa kipya mlangoni. Fundi alijisifu huyo! "Hapa hata mimi siingii, dada."

Aliporudia pombe, nilimwambia asikanyage kwangu akiwa amelewa. Mchana mmoja akaja. Akagonga. "Dada, fungua, ni mimi." Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya mlango, ufagio mkononi. Nikachungulia kwenye pazia, nikamwona amekalia sanduku lake la kazi pale kizingitini, anagonga, anapumzika, anagonga tena. Karibu saa nzima. Sikufungua. Wiki tatu baadaye ukanipigia simu kwamba amefariki.

Kisa changu ndicho hicho. Kinachekesha wapi?

Mwanao


Machi 17

Binti yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa shida maana karatasi ilikuwa imelowa.

Sasa nisikilize. Unadhani ni wewe peke yako uliyemfungia mlango? Mimi nimemfungia hadi mkono ukauma. Tofauti ni kwamba mimi nikifunga mlango wa mbele, nikigeuka namkuta jikoni anakoroga chai. Fundi wa vitasa utamfungia nini?

Jana nimefungua lile sanduku lake kwa mara ya kwanza. Unajua hakutengana nalo hata akiwa hajui aendako. Chini kabisa nimekuta funguo nne zimefungwa kwa uzi, kila mmoja una kikaratasi chenye mwandiko wake. "Mama jikoni." "Mama uani." "Mama kabati la sukari." Kumbe! Na miaka yote hiyo nawasingizia panya!

Wa nne umeandikwa "Dada." Huo sina mlango wake hapa. Nimeutia kwenye bahasha hii. Ujaribu.

Mama yako


Aprili 4

Binti yangu,

Mbona kimya? Barua haikufika, au umeumeza ufunguo? Viti nimeshaazima kwa jirani, yule ambaye Komeo alimtoa bafuni alipojifungia na sabuni machoni. Anasema hicho ndicho kisa chake, na asithubutu mtu kumwibia. Niandikie hata mstari mmoja, moyo wangu utulie.

Mama yako


Aprili 13

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe kwa kimya. Ufunguo ulifika mapema, nikauweka mezani nikawa naukwepa. Juzi nikajikaza. Nikafunga mlango, nikasimama nje pale pale alipokaa, nikautia. Ukazunguka mara moja, laini kabisa. Mlango ukafunguka.

Alikuwa nao, Mama. Saa nzima ile anagonga, ufunguo wa mlango wangu ulikuwa ndani ya sanduku alilolikalia. Kwako aliingia mpaka kwenye sukari. Kwangu nilimwambia asiingie amelewa, akalewa, akaja, na hakuingia. Mtu ambaye hakuna kufuli iliyowahi kumshinda alinisikia mimi. Nililia, siwezi kukuficha. Halafu nikakumbuka alivyojigamba, "hapa hata mimi siingii," kumbe mwongo mkubwa ameshajichongea ufunguo wake! Nikacheka peke yangu mlangoni mpaka mpangaji mwenzangu akatoka kuniuliza kama niko sawa.

Basi kisa ninacho. Nakuja tarehe kumi na tisa. Niwekee kiti karibu na jirani wa sabuni. Na ule ufunguo wa kabati la sukari naomba uwe wangu, usimpe mtu.

Jambo moja tu. Najua hukawii kuniachia mlango wazi ili usisumbue goti. Usiuache wazi. Nitagonga, Mama. Njoo unifungulie.

Mwanao