Polima ya Wiebke na Kioo

Imke, niko kwenye korido ya chuo hapa Garching, natembea huku na huko utadhani mtihani ni wangu. Wiebke wetu alikuwa anatetea tasnifu yake ya udaktari. Watahini wamemtoa nje na kufunga mlango.

Alianza vizuri kabisa. Akaeleza kwamba utando wa sabuni, ule unaotenga mafuta na maji, hutikisika upesi ukiwa karibu na kioo, na kwamba ukitia polima, zile molekuli ndefu kama nyuzi, unatulia. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Ndipo Profesa Quenzel akauliza, taratibu tu: "Binti, una hakika polima yako iko kwenye utando? Haijang'ang'ania kioo?"

Haijang'ang'ania kioo. Imke, miaka yote hii hakuna aliyemuuliza hivyo.

Uso ukamsawajika. Akameza mate, akasema, "Sijapima. Kama imenata kwenye kioo, sura ya mwisho ya tasnifu yangu si sahihi."



Sasa ameketi sakafuni kando yangu. Kofia ya udaktari tuliyomtengenezea nimeificha mgongoni, lakini ameiona. Ananiambia, "Kaitupe."

Subiri, mlango.

Ni Quenzel. Amesema, "Ingia, Daktari. Vipimo vya hiyo sura utavifanya upya, nami nitakuja kukusaidia."

Wiebke hasogei. Ananiuliza mimi kama amesikia vizuri.