Poni Niliyemsuka Mwenyewe

Mjukuu wangu Furaha,

Usicheke nikikuita mjukuu. Nimemaliza shule juzi tu, lakini mama yako ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo bibi yako ni mimi. Hapa Berea tu wazima. Mama bado anasuka saluni na anakusalimia sana.

Umeuliza kama ni kweli mimi, ninayejificha jikoni wageni wakija, nilisimama na farasi mbele ya watu. Ni kweli. Ninasaidia kwenye zizi la farasi nje ya mji. Mwenye zizi aliniambia nikimwandaa vizuri poni mmoja, farasi mdogo wa kahawia, nitamwongoza mwenyewe kwenye maonyesho.

Siku ya maonyesho mama alikuja kunisaidia kusuka nywele za shingo ya poni. Kama tulivyozoea saluni, tulizipaka mafuta kwanza.

"Mteja wa kwanza asiyelalamika kwamba namvuta!" mama akasema.

Eish! Nywele za farasi ziliteleza kwa mafuta, misuko yote ikafumuka tukikaribia kuitwa uwanjani. Mama akanyoosha mkono arudie.

"Hapana, mama. Mshike tu."

Nilizifuta kwa kitambaa chenye maji na sabuni, nikasuka upya, nikashona kila msuko kwa sindano na uzi.

Uwanjani mwamuzi alimzunguka poni, akauliza, "Nani amemsuka?"

"Mimi," nikasema, kwa sauti iliyomfikia mama kwenye uzio. Labda niliweza kwa sababu kazi ile niliijua ni yangu.

Tulikuwa wa tatu. Mama anawaambia wateja wote tulikuwa wa kwanza, nami simsahihishi.

Bibi yako mdogo,
Esta