Pawa Saplai Haikuzima Siku Ile

Mpendwa Baba Akinyi,

Mahindi yameanza kuingia. Tangu asubuhi mikokoteni imepanga foleni hapa nje kwa Mzee Kiptoo, na posho mill yake inanguruma nyuma ya ukuta wetu kama zamani. Vumbi la unga limefika hadi kwenye kibodi. Nimefuta nikachoka, nikakaa, nikaona afadhali nikuandikie. Najua hukupenda maneno mengi. Leo utavumilia.

Unakumbuka watu walivyotucheka tulipokodi chumba hiki? Walisema ni wazimu gani huu, kuweka ofisi ya kuchapa kando ya kinu cha kusaga. Wewe ulijibu kwamba kodi ni nafuu na jirani ni mtu mzuri, na yote mawili yakawa kweli. Tulianza na taipureta mbili. Halafu ukaileta ile kompyuta kuukuu iliyouzwa na kampuni moja iliyokuwa ikifunga ofisi, ukaipachika mezani chini ya picha ya Rais, ukarudi nyuma hatua chache ukiitazama na mikono kiunoni. Mji huu haukuwa na kompyuta nyingi wakati huo. Kadi za harambee zilitujia kutoka Kaptagat hadi Burnt Forest, na kila mwenye kadi alitaka kuingia ndani aone mashine inayoandika bila kupigwa kwa nguvu.

Shida ilikuwa stima. Mota ya Mzee Kiptoo ikianza inavuta stima ya mtaa mzima. Taa zinafifia, kompyuta inazima na kujiwasha yenyewe, na chochote ambacho hujakihifadhi kwenye disketi kimekwenda. Ndipo tukaelewana naye. Kabla ya kuvuta ile swichi yake kubwa, Mzee angeita kupitia dirishani, "Mama Akinyi, nawasha!" Mimi ningehifadhi kazi kwanza, kisha nimjibu, "Washa!" Bila jibu langu hawashi, hata wateja wake wanune namna gani. Kuna watu walidhani ni sala ya kinu.

Tuliishi hivyo vizuri hadi siku ile Mzee alipopata mafua na sauti ikakauka. Anasema aliita. Anasema alisikia mtu akijibu. Sisi tulisikia tuf, tukaona moshi mwembamba ukitoka nyuma ya mashine, na harufu yake ilikaa kwenye mapazia hadi Krismasi. Uliifungua palepale na bisibisi. "Mashine ni nzima," ukasema. "Imekufa pawa saplai tu." Ukanionyesha lile sanduku la bati lenye feni, ambalo kazi yake ni kuchukua stima ya ukutani na kuilisha kompyuta kidogo kidogo. Nilipumua. Nikakuuliza bei ya nyingine, na wewe ndiye uliyeacha kupumua.

Akiba yetu ilikuwa na kazi yake. Desemba ulikuwa uende na wazee wenu Burnt Forest kwa baba yangu, mpeleke mahari, mimi niwe mke wako mbele za watu kama nilivyokuwa mke wako hapa. Akinyi alikuwa tayari anatembea. Baba yangu hakuwa mtu mkali. Alisema tu kwamba anangoja kuona uso wa wazazi wako. Pawa saplai mpya ya kuagizwa Nairobi ingekula safari hiyo yote. Ya bei ya chini kabisa ingetuachia pesa, lakini ingeweza kuichoma mashine ambayo ndiyo iliyotulisha. Nilikutazama ukipiga hesabu kichwani mchana kutwa. Jioni ukasema, "Tutatafuta ya katikati. Lakini Desemba haiguswi."

Kwa hiyo tukaenda kwa Kamau, yule fundi wa redio wa karibu na soko. Alikuwa na mbili. Moja mpya, ndani ya boksi lenye maandishi ya dhahabu. Nyingine imetolewa kwenye kompyuta iliyokufa, imekwaruzwa, haina hata karatasi ya jina. Wewe hukuuliza bei. Uliniwekea moja kwenye kila mkono.

"Gani ni nzito?"

"Hii mbaya," nikasema.

"Sasa niambie hii ingine imewekwa nini ndani. Hewa?"

Kamau alijitetea. "Baba Akinyi, hiyo ni mpya kabisa, hata nailoni haijatoka. Imeandikwa hapo, iko na nguvu kushinda hiyo ya zamani."

"Sitaki kujua imeandikwa nini. Mimi pia naweza kuchapa boksi kama hilo."

Ukamulika tochi kwenye matundu ya bati. Ukanifundisha kutazama: kwenye ile nzito, waya wa shaba umezungushwa mnene, vikopo vyeusi vimenenepa, vipande vya bati vya kupooza joto vimesimama imara; lakini kwenye ile mpya, kila kitu kimekonda na nafasi ni nyingi. Ukapima waya za nje kwa vidole kama mtu anayechagua kamba ya kufungia ng'ombe. Ukazungusha feni ya ile ya zamani kwa kalamu, ukasikiliza kama inakwaruza. Ukageuza nyuma, ukahakikisha ile swichi ndogo nyekundu iko kwenye kipimo cha stima ya kwetu. Mimi niliolewa nawe kwa ajili ya hayo, ujue. Huo uvumilivu wako wa kugeuza kitu hadi kikuambie ukweli.

Lakini bado hukuridhika. Ulimwomba Kamau aje nazo zote mbili hapa ofisini. Ukaazima kwa Mzee Kiptoo balbu za taa za mbele za pikapu yake, ukaziunganisha kwenye pawa saplai ili iwe na mzigo wa kubeba. "Hata mtu hawezi kupimwa akiwa amelala," ukasema. Kisha ukamwomba Mzee awashe kinu.

"Niwashe nisage nini?" Mzee akauliza. "Unataka niharibu mawe nikisaga upepo?"

Tukangoja mteja. Akaja mama mmoja wa Cheptiret na gunia lake, akashangaa kukuta watu wazima wanne wakimshangilia. Mzee aliita, nikajibu, mota ikavuta. Ile mpya, balbu zilizima, zikarudi, zikazima tena, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka. Kamau akaichomoa mwenyewe. Ile ya zamani, yule mama alisaga gunia lote na balbu hazikupepesa. Tulipomaliza chai uliweka kiganja juu ya bati. Lilikuwa na joto la kawaida tu, ukaniambia niweke na changu. Tuliacha mikono yetu pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kamau aliangalia pembeni.

Tukainunua hiyo. Desemba ikabaki salama, ndivyo tulivyojua.

Oktoba ukaenda nyumbani kwenu ziwani kumwambia kaka yako mipango yetu. Ulirudi ukiwa umechangamka, ukaniambia wazee wamekubali tarehe. Baada ya siku chache ukaanza kutetemeka. "Ni malaria tu, Mama Akinyi, nipe chai ya tangawizi." Ilipanda kichwani. Pale hospitalini ulimwita mama yako kwa lugha yenu, ukaniita mimi pia, ukauliza kama mashine imezimwa. Nikakuambia imezimwa. Hilo ndilo neno la mwisho ulilonisikia nikisema. Ningejua ningekuambia lingine.

Sasa nifike pale ambapo sijawahi kukuambia, hata nikizungumza nawe peke yangu jikoni.

Kaka yako alikuja kukuchukua. Mila yenu najua, mwana hulala kwenye boma la baba yake, na sikubisha. Alikuja hapa ofisini na karatasi mkononi, macho mekundu. Alikuwa na adabu, kama anavyokuwa siku zote. Zamani aliniita shemeji. Siku hiyo alisema, "Dada, tunaomba utuchapishie wasifu wa marehemu. Tunataka iwe ya kompyuta. Ndiyo kazi aliyokuwa anapenda."

Nikakaa. Nikachapa jina lako, la baba yako, la mama yako, shule ulizosoma. Nikachapa ndugu zako wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Halafu nikafika pale: ameacha binti mmoja, Akinyi. Nikageuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu. Mtoto alikuwa na baba, babu, bibi, mashangazi, na hakuwa na mama, kana kwamba ulimwokota sokoni.

"Na mimi?" nikamwuliza.

Kaka yako aliinama. "Dada, unajua hii mambo. Kwenu hatujafika bado. Nikisoma jina lako pale, wazee wataniuliza ni nani alienda kuposa. Nitasema nini? Si mimi nimekukataa. Ni vile mambo iko."

Nilitaka kumwambia kwamba pesa za kuposa ziko kwenye kabati nyuma yake. Nilitaka kumwambia kuhusu boksi la dhahabu tuliloliacha, na hesabu uliyopiga mchana kutwa ili Desemba isiguswe. Nikarudisha vidole kwenye kibodi.

Ndipo Mzee Kiptoo akaita dirishani, kwa sauti ya chini, maana alijua kuna msiba. "Mama Akinyi. Nawasha."

Sikuwa nimehifadhi hata mstari mmoja. Nikajibu palepale, "Washa." Baba Akinyi, niliomba mashine izime. Niliomba kwa moyo wangu wote kazi yote ile ipotee, yule mtu arudi nyumbani bila karatasi, na angalau kwa siku moja pasiwe na maandishi popote yanayosema ulikufa bila mke. Mota ikavuta. Taa ya darini ikafifia hadi ikawa nyekundu. Kioo cha kompyuta hakikutikisika. Maneno yalibaki yamesimama pale, ameacha binti mmoja, na ile feni yetu ikaendelea kuzunguka bila kukwaruza.

Hapo nililia. Kaka yako alidhani nalilia wasifu, akaniwekea mkono begani. Nilikuwa nalia kwa sababu ulichagua vizuri mno.

Nikahifadhi, nikaprinti, nikampa. Mazishini nilikaa na marafiki wa marehemu kutoka huku kwetu Eldoret. Mzee Kiptoo alikaa kando yangu, amevaa koti lake la Jumapili. Walipoita familia ije kutupa udongo, dada yako alimbeba Akinyi. Mtoto akageuka kunitafuta katika watu, akanyoosha mkono, mimi nikabaki nimesimama mahali pangu. Nilikuzika kwa macho tu.

Baba yangu aliniuliza mara moja, "Walikuwa wanakuja kweli?" Nikamwambia walikuwa wanakuja. Akatikisa kichwa, akaenda kutazama ng'ombe zake. Tangu hapo hajauliza tena, na mimi sijui kama aliniamini.

Nakukasirikia, sitaficha. Nakukasirikia kwa kuwa mwangalifu na kila kitu hadi ukafikiri muda nao unaweza kupimwa kwa balbu za pikapu. Kisha hasira inaisha na unabaki wewe, na ofisi hii, na upande wako wa meza ambao siwezi kuweka kitu. Watu huniambia niolewe, niwe na mtu. Huwa nawajibu kwamba nimeolewa, nao hunitazama kwa huruma. Akinyi anauliza kwa nini hatuji kukuona. Nampa jibu jipya kila mara na yote ni ya uongo.

Kwenye ubao wa mlangoni, pale tunapobandika mifano ya kazi zetu, pana kadi za harusi na za harambee za watu wa mji mzima. Nitaitoa moja na kubandika barua hii, asome mwenye kupita, hata kaka yako akipita. Maisha yangu yote nimechapa maneno ya wengine kama walivyoyaleta, bila kupunguza wala kuongeza. Haya ni yangu, na mahali pa jina hapa chini sikuachiwa na mtu; nimepachukua mwenyewe.

Pumzika, mpenzi. Mtoto alilala vizuri jana.

Mke wako,
Mama Akinyi