Kiti cha Mama
Gisenyi, Jumapili, 1999

Kiti cha Mama wamempa mtu mwingine, na mi nimesimama pale naangalia tu!

Tulijaa gari zima kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege Kigali, tukiimba njia nzima, maana dada yangu Espérance anajifungua Bruxelles, kule Ubelgiji, wiki hii. Msichana wa kampuni ya ndege akatazama tiketi.

"Hamukupiga simu ya kuhakikisha safari. Tiketi ya bei ya chini iko vile. Kiti tulishaipatia mutu mwingine."

Simu gani? Kwetu kitu ukishalipa ni chako! Yule wa ajansi aliyetuuzia tiketi hakututamkia neno. Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

"Pole, papa. Murudi wiki yenye kuya."

Bon, tumerudi naye. Na jana majirani wote walikuja kumuaga, wakamuombea, wakaleta vitenge vya kumbebea mtoto. Sasa Mama amefunga madirisha, hataki wajue yuko hapa. Sambaza, vile visamaki vya ziwani, alizomkaushia Espérance zinanuka sandukuni, na hataki tulifungue.

Kabla ya kulala ameniuliza polepole:

"Ule mwenye iko mu kiti yangu, naye anaenda kubeba mujukuu?"