Hesabu Iliyobaki Ubaoni

Jumatatu, 6 Novemba 1978
Duka la kijiji nimefungua, nimefagia, nimekaa. Sukari hakuna. Sabuni hakuna. Nimeuza viberiti na maneno. Maneno hayaishi.

Jioni binti yangu Adela kaleta ujumbe wa Mwalimu Zakaria: mwakani atarudia darasa la tatu. Hasikilizi, anachora malori ya jeshi, anasumbua wenzake. Adela huyu huyu, anayemaliza hesabu wenzake wakiwa bado wanachonga penseli.

Mama yake kasema niende shuleni. Nikasema nitakwenda. Nikaogopa papo hapo.

Jumatano, 8 Novemba
Nimekwenda. Mwalimu ni kijana, ndevu zake bado zinapiga hodi. Kaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, na bado nilimwogopa kama mkwe.

Njiani nilipanga hotuba nzuri: mtoto anachoka kungoja, apewe kazi ngumu. Tukaanza na mvua. Tukaja kwenye vita vya huko mpakani. Tukaja kwenye mihogo. Tulipofika kwa Adela, adabu ikanizidi. Nikasema kama walivyosema wazee wetu: "Mwalimu, huyu ni mtoto wako. Akikosea, mchape."

Kanishukuru sana. Nimerudi nyumbani kama mshindi. Mama Adela kauliza nimeshinda nini.

Ijumaa, 10 Novemba
Adela kachapwa. Viboko vya mikononi. Alimaliza hesabu mapema, akamchorea jirani yake lori. Mwalimu kaliambia darasa zima kwamba baba mwenyewe karuhusu.

Hakulia. Kaniuliza tu, "Baba, ulimwambia kweli?"

Nikasema ndiyo. Hakula. Mimi nilikula, kwa aibu. Najichukia.

Jumamosi, 11 Novemba
Asubuhi nimechukua jembe, nikaenda shamba la Mwalimu, nyuma ya nyumba yake. Analima kama mtu anayeua nyoka. Nikaingia mstari wa pembeni. Huku kwetu maneno mazito ni ya jembeni. Macho yako chini, hakuna wa kumtazama mwenzake usoni.

Nikasema, "Mwalimu, juzi adabu ilinizidi. Nilikuja kukuomba umpe Adela kazi ngumu. Anasumbua kwa sababu anangoja wenzake."

Kalima mpaka mwisho wa mstari. Nikajua nimeharibu.

Kisha akasema, "Mzee wangu, mwenzangu kaenda vitani. Nina madarasa mawili chumba kimoja, la tatu na la tano. Ninayemwona ni yule anayepiga kelele."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Kijana vile, kachoka kuliko mimi na kitambi changu. Tukapanda maharage yake. Nikamtania kuhusu jembe, akacheka kidogo. Suala la kurudia darasa hakuligusa. Nami sikuthubutu kuuliza.

Alhamisi, 16 Novemba
Mwalimu kapita dukani. Adela harudii darasa. Kahamishiwa upande wa la tano, ajaribu hesabu zao.

Mtoto karudi nyumbani kakunja uso. Hesabu imemshinda. Sijamwona na furaha kama hiyo tangu mwaka uanze. Mgongo wangu bado unauma.

Jumanne, 28 Novemba
Mkutano wa kijiji. Yamesomwa majina ya mgambo wanaokwenda mbele. La Mwalimu Zakaria limo. Lori la kutoka Biharamulo linakuja kesho alfajiri.

Watu walipiga makofi. Mikono yangu nayo ilipiga. Mimi sikupiga.

Jumapili, 3 Desemba
Manyunyu. Baada ya ibada nimekwenda kupalilia maharage ya Mwalimu. Yameota vizuri, wala hakuna mwingine wa kuyatazama. Shuleni pia hakuna mwingine. Mwalimu mkuu anazunguka madarasa yote peke yake.

Adela kanifuata na daftari. Kanakili hesabu ambayo Mwalimu aliiacha ubaoni siku ya mwisho. Hakuna aliyeifuta. Akaniuliza inafanywaje. Nikaitazama muda mrefu, kama mtu anayejua.

Nikasema tutamuuliza Mwalimu akirudi.

Adela kaliweka daftari chini ya kanga yake, lisilowe. Akachukua jembe dogo, akaingia mstari wa pembeni.