Nafasi ya Cheko Kwenye Albamu

MAELEZO YA SHAHIDI: JALADA LA MTU ALIYEPOTEA

Shahidi: Dada Albamu (jina kamili lipo kwenye nakala ya kitambulisho)
Umri: Miaka 34
Kazi: Mtengenezaji wa albamu za kidijitali
Makazi: Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo
Yameandikwa: Tarehe 2 mwezi wa sita, saa nne na dakika kumi asubuhi

Nasema haya kwa hiari yangu. Kazi yangu ni kupanga picha. Mteja ananiletea za karatasi au za simu, nazipanga kwenye kurasa kwa kompyuta, kisha namtumia albamu aifungue kwenye simu yake.

Mnamo tarehe 4 mwezi wa tano, saa nne kasorobo asubuhi, alinijia Mama Mapacha, fundi cherehani anayeshona sare za shule. Nilimfahamu kwa kushonewa tu. Alikuwa na boksi la viatu lenye picha mia moja themanini na sita. Alisema binti yake Tulia anaolewa tarehe 28, na anataka albamu ya kuonyeshwa ukumbini kwenye skrini kubwa. Nilimwambia, "Mama, tukizijaza zote hakuna atakayeona kitu. Acha nichague nzuri themanini." Akajibu, "Mwanangu, sikukuletea uchague. Nimekuletea upange."

Nilipoanza kuzipiga nakala niliona karibu kila picha ina wasichana wawili waliofanana kama sarafu mbili. Nikauliza Tulia ni yupi. Akasema, "Wa kushoto. Wa kulia ni Cheko. Ana miaka sita hajarudi." Alisema hivyo huku anatoa uzi uliong'ang'ania kwenye sketi yake. Sikuuliza zaidi.

Kurasa za utotoni nilizimaliza kwa siku tano. Picha moja kubwa katikati, ndogo sita au saba zikiizunguka, na nikachunga uso wa mtu usiangukie kwenye mkunjo. Shida ilianza ukurasa wa ishirini na mbili. Kuanzia hapo Tulia yuko peke yake, na katika kila picha amesimama kushoto kabisa, utadhani kuna mtu aliyemwomba asogee. Nilizikata picha hizo nikamweka katikati, nikamtumia mama yake. Alinipigia saa hiyo hiyo. "Mbona umemsogeza? Mrudishe alipokuwa. Huku kwingine acha wazi." Nikamweleza kwamba kwenye skrini pataonekana kama pengo, watu watadhani picha imegoma kufunguka. Akasema, "Waache wadhani." Nikamrudisha.

Mnamo tarehe 17, saa tisa alasiri, nilikuwa na kazi nyingine, ya kiwanda cha mikate kilichotimiza miaka kumi. Kwenye ukurasa mmoja nilipanga sura za wafanyakazi arobaini. Nilipoikuza moja ili ninyooshe kingo, nilimwona mwanamke mwenye kofia ya wavu, ameshika trei, anacheka, sura ni ya Tulia. Nilidhani nimechanganya mafolda. Nikakagua mara mbili. Sikuwa nimechanganya.

Nilimpigia Tulia nikamuuliza kama aliwahi kufanya kazi kiwanda cha mikate. Akasema, "Dada, mimi mikate naila tu." Nikamwomba aje. Alifika baada ya dakika arobaini. Alipoiona picha hakulia. Aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, penye kovu chini ya mdomo wa yule mwanamke, akasema, "Hapa. Alianguka kwenye ngazi tukiwa darasa la tatu." Kisha akanisihi nisimwambie mama yake mpaka tuhakikishe, kwa sababu mama ameshasafiri mara tatu kwa habari za uongo, na kila akirudi huugua. Nakiri kwamba sikupaswa kumwonyesha mtu picha za mteja mwingine. Meneja wa kiwanda nimeshamwomba radhi.

Mnamo tarehe 19, saa nne asubuhi, tulifika kiwandani mimi na Tulia. Ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Mlinzi wa getini alimwangalia Tulia akahamaki. "Wewe si uko ndani? Umetokea wapi tena? Nani kakufungulia?" Mimi ndiye niliyesema, "Baba, huyu ni mwingine. Tuitie yule wa ndani."

Cheko alitoka na unga mpaka kwenye viwiko. Walisimama wakatazamana. Tulia akasema, "Umenenepa." Cheko akasema, "Na wewe umekonda. Tumegawana vibaya." Hapo ndipo wakashikana. Mimi niligeukia ubao wa matangazo nikasoma tangazo la kunawa mikono, nikalirudia kulisoma.

Walimpa mapumziko ya nusu saa, tukakaa kantini. Afande ameniuliza kama Cheko alikuwa amezuiliwa na mtu. Hapana. Amepanga chumba na mfanyakazi mwenzake na haonekani kuogopa yeyote. Aliondoka nyumbani mwenyewe. Alieleza kwamba siku ile baba yao alibanwa na kifua, yeye akatumwa dawa ya pumu, na njiani akapitia kwa rafiki yake kama dakika kumi. Aliporudi baba ameshakata roho. Mama yao akamwambia mbele ya majirani, "Umemuua baba yako." Siku ya pili baada ya mazishi, alfajiri, aliondoka.

Tulia akamwambia, "Mama anakutafuta." Akajibu, "Ananitafuta aniambie nini?"

Tulia akaniambia nifungue albamu kwenye simu. Cheko alizipitia kurasa za utotoni akicheka, mpaka wa meza ya pili wakageuka. Alipofika ukurasa wa ishirini na mbili aliikuza picha kwa vidole viwili. Akaniuliza, "Mbona huku umeacha wazi?" Nikamwambia, "Si mimi. Mama yako ndiye aliyekataa nipazibe." Aliirudisha simu. Kengele ilipolia alisema, "Mwambieni niko hai," akaingia ndani.

Jioni saa kumi na moja tulimwambia mama. Alisimamisha cherehani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Anakula?" La pili, "Kwake ni mbali?"

Tulia alikuwa na shughuli za harusi, kwa hiyo mnamo tarehe 21 mama aliniomba nimsindikize mimi. Tulifika saa saba mchana. Alikataa Cheko aitwe, akasema atasubiri zamu iishe. Alikaa kwenye benchi la mlinzi na mkoba mapajani. Saa nane wafanyakazi wakatoka. Cheko alimwona, akasimama mbali, kama hatua kumi hivi. Mama hakumfuata. Alisema kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Sikuja kukuchukua. Nilikutukana mbele ya watu, nimekuja kulifuta neno lile mbele ya watu. Daktari alisema ni moyo uliosimama. Hata ungeruka, ile dawa isingemfaa."

Cheko akauliza, "Amekwambia lini?"

"Asubuhi ile ile uliyoondoka. Nilikimbia nyumbani kukuambia, nikakuta umeshatandika kitanda."

Cheko alichuchumaa pale pale njiani na kufunika uso kwa kofia yake ya wavu. Ndipo mama akainuka. Waliongea chini ya ukuta wa kiwanda zaidi ya saa moja, na mimi sikusikia, kwa hiyo sina la kusema juu ya hayo. Tulirudi wawili kama tulivyokwenda. Mama njia nzima alitazama dirishani.

Kwenye harusi, tarehe 28, Cheko hakuja. Albamu ilionyeshwa yote, na hakuna aliyedhani imegoma.

Tarehe 29, Jumapili, nilikuwa nyumbani kwa mama, namwekea albamu kwenye simu yake. Saa tano asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Cheko. Alisema kwamba angekuja jana wangemtazama yeye wakaacha kumtazama bibi harusi. Mama akamwambia, "Ingia, nzi wanapita." Alikaa mpaka saa kumi. Zamu yake ilikuwa kesho yake alfajiri.

Tulimsindikiza kituoni. Basi la kwanza lilikuja, hakupanda. La pili likaja, likaondoka. Mama hakumwambia panda wala usipande. La tatu kondakta alimwita kabisa, Cheko akatikisa kichwa. Alipanda la nne. Mama alibaki amesimama kwenye ile lami mpaka nikamshika mkono.

Afande ameniuliza aandike "amerudi" au "amepatikana." Nimemwambia aandike amepatikana.

Niliyoyaeleza ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, ndivyo nilivyosema, naweka sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo ya mpokeaji: Nimeongea na mhusika kwa simu saa sita na nusu mchana. Amethibitisha kuwa ni mzima na anaishi huko kwa hiari yake. Anwani yake haitatolewa. Jalada limefungwa. Mama mzazi ameomba arudishiwe picha iliyobandikwa humu tangu siku ya kuripoti. Picha imekatwa kwa mkasi upande wa kushoto, na begani kwa mhusika umebaki mkono wa mtu mwingine. Nimeibandua taratibu isichanike, nimemkabidhi.