Mahali pa Kugeuzia Trekta

4 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu, nikitumai wewe na watoto mnaendelea vizuri. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo likiona ngazi huanza kulalamika kabla sijazifikia. Naandika kwa sababu nikipiga simu unanikatia, na barua haikatiki.

Picha imefika. Nilikuomba picha ya kiwanja changu, ukanipigia ya trekta. Sikushangaa. Niliitazama kwa miwani, kisha nikavua miwani nikaisogeza karibu, nikitafuta kiwanja nyuma yake. Nikaona jiwe. Liko chini ya gurudumu kubwa la nyuma, limekwama kama kabari, na juu lina mfereji upande mmoja. Mfereji ule niliuchimba mimi kwa kunolea panga, kabla wewe hujajua kushika jembe.

Ni moja ya mawe manne ambayo baba aliyaweka kwenye pembe za kiwanja changu, siku moja kabla sijaondoka. Ulikuwepo. Ulibeba dogo kuliko yote, ukalia kwamba ni zito. Sasa naomba unieleze lilifikaje chini ya trekta.

Siulizi kwa kupitisha muda. Nyumba nilimopanga chumba itabomolewa mwezi wa kumi. Na makaratasi yangu, baada ya miaka yote hii, yametoka. Naweza kuvuka mpaka kama mtu. Nakuja kujenga vyumba viwili pale aliponionyesha baba. Mahali pengine sina.

Natumai pia huweki tena maji ya bwawa kwenye rejeta. Kitabu cha trekta kinasema maji safi tu. Ukurasa huo nimekunakilia mara nyingi.

Kaka yako

2 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, watoto wazima, trekta zima kwa kadiri yake. Goti, pole.

Jiwe lilifikaje chini ya trekta? Lilibebwa. Stata ilikufa zamani. Kila jioni nalipandisha trekta kwenye mwinuko wa ghala, na asubuhi naliacha lishuke lenyewe, naachia klachi, linawaka. Trekta linalolala mwinukoni linataka kabari, na mawe yako yalikuwa na ukubwa unaofaa. Yote manne yako pale. Ningeyaacha shambani yangenimalizia disiki za plau, moja lilishavunja.

Kuhusu kiwanja chako, ndipo ninapogeuzia. Trekta hili si lile kubwa la mashamba ya kampuni wala si kile kidude cha bustani, lakini likiwa na plau nyuma si baiskeli. Ukifika mwisho wa mfuo unanyanyua plau, unazunguka kwa upana, ndipo unarudi. Juu nageuzia kwenye njia. Chini kuna korongo na kiwanja chako. Korongoni sigeuzi tena tangu siku gurudumu la mbele liliponing'inia hewani na mimi nikiwa juu. Kumebaki kwako tu. Pamekanyagwa hadi pamekuwa sakafu. Hata magugu yamepasusa.

Unajua watu wanaliitaje trekta? Hujui, hukuwepo. Siku ya mazishi ya baba tumekaa uani, kila mtu anauliza mtoto mkubwa atafika lini. Likaingia lori, juu yake trekta jekundu, jipya, na dereva anauliza nani atasaini. Jirani yetu mshona viatu akasema, "Haya, mwakilishi wake kafika. Tuzike." Watu walicheka msibani, kaka. Mama naye alicheka, kisha akaingia ndani, na hakutoka hadi kesho yake. Tangu hapo jina lake ni Mwakilishi. Amelima, amepukuchua mahindi, amempeleka mama hospitali akiwa amelala kwenye trela. Wewe ulikuwa unatuma kurasa za kitabu.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumai hujambo. Mimi nilikuwa sijambo mpaka barua yako ilipofika.

Trekta nililiagiza baba akiwa mzima, anatembea. Kwamba lilifika siku ile ni kazi ya wasafirishaji. Siku ile mimi nilikuwa mpakani, juu ya benchi la mbao, nikimsubiri askari amalize chai yake ili aniambie nirudi nilikotoka. Alikunywa polepole. Hukuuliza, nami sikueleza. Umeishi na kichekesho cha mshona viatu miaka yote hii kwa sababu kilikufaa. Mtu mwenye kaka mbaya hana haja ya kujiuliza lolote.

Mawe yarudishwe penye pembe zake kabla sijafika. Trekta litafutiwe pengine pa kugeukia, au liuzwe. Kila barua yako inaniletea kifo cha kitu: leo stata, mwaka jana kiti, kabla ya hapo pampu. Unatunza maiti na unanikatalia mimi niliye hai mahali pa kuweka kitanda.

Nakuja na futi ya kupimia. Na hukunijibu habari ya maji.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo, ya kwenye karatasi.

Habari ya mpakani ungeiandika wakati ule. Karatasi ulikuwa nayo, maana ukurasa wa kubadilisha oili ulifika mwezi uleule.

Liuzwe, nibaki na nini? Nalijua kwa mgongo wangu. Kiti kilipooza niliweka gunia la pumba. Haidroliki inavuja, ukinyanyua plau ukaenda kunywa maji, unarudi unaikuta imeshuka taratibu kama mzee anayesinzia kanisani. Mlio wake ukibadilika najua kabla sijashuka. Mume wangu aliondoka likiwa bado na tairi za kwanza. Lenyewe lilibaki. Nitajie mwingine aliyebaki.

Maji ya bwawa natia, ndiyo. Kisima kimeshuka, kamba haifiki bila kuungwa, na kitabu chako hakivuti ndoo.

Ukija utalala chumba cha magunia siku mbili tatu kama mgeni yeyote, utakula, utaondoka. Ukitandaza futi yako mahali pangu pa kugeuzia, nitapita juu ya futi.

Mdogo wako

30 Aprili

Nimekusoma.

Siji. Nimeanza kutafuta chumba hukuhuku. Usiniandikie tena habari za trekta. Kitabu nimekikunja nikakiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba. Hapo kinafanya kazi kuliko kilivyowahi kufanya kwako.

Mimi

17 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kweli. Goti je?

Mwakilishi kafa. Jumanne nilikuwa naandaa shamba. Mshale wa joto ulishakufa siku nyingi, kwa hiyo habari niliipata kwa pua. Nikasema nimalize mfuo huu, nikigeuza nitapumzika. Nikanyanyua plau, nikazunguka, na katikati ya mzunguko likatoa mlio kama mtu anayesaga meno. Likasimama. Injini imenoki, haizunguki tena.

Fundi kafungua rejeta, katoa tope la kufinyangia vyungu. Akaniuliza, "Mama, ulikuwa unatia maji gani humu?" Nikamwambia ya kisima. Wewe nakuambia ya bwawa, kwa sababu utajua tu. Ulisema, na kitabu kilisema. Nilikuwa natia nikijua. Kila ukurasa ulipofika, nilikwenda bwawani makusudi. Umeshinda, usiandike barua ya kushangilia.

Sasa liko kwenye kiwanja chako, katikati kabisa. Jirani alikuja na trekta lake tukafunga mnyororo. Lake likachimba mashimo mawili, likachoka, likaenda. Mshona viatu kapita akasema Mwakilishi kafika kituoni kwake. Nikamwambia kichekesho kingine alikitoa siku ya mazishi na hajawahi kuuliza kaka yangu alikuwa amekaa wapi siku ile. Alikuwa amekaa kwenye benchi, nikamwambia. Akaondoka na viatu vyake.

Ardhi pale inaelekea korongoni kidogo. Niliogopa mvua ikianza litateleza. Nikachukua toroli, nikaenda mwinukoni, nikaleta mawe yako. Moja kila gurudumu. Kila moja liko upande wa pembe yake, si penyewe hasa, maana futi sina. Lile lenye mfereji liko upande wa kisimani, kama lilivyokuwa. Lile dogo nililibeba kwa mikono. Bado zito.

Msimu huu tutalima kwa majembe, eneo dogo. Jembe halihitaji pa kugeuzia.

Sikuombi, na sijasema karibu. Nasema trekta ulilolituma limekaa mahali pako na halitoki mpaka afike mtu wa kulifungua boliti kwa boliti. Fundi anadhani litapona, ila vipimo vya ndani ya injini hiyo hana, na hakuna aliye navyo huku. Likipona, tutagombania pa kugeuzia upya, tukiwa tumesimama hapohapo, nikikuona uso.

Magunia nimeyahamishia ghalani. Mwezi wa kumi ni mwezi ujao.

Kitoe kitabu chini ya meza. Meza iache iyumbe.

Mdogo wako